Kijigari Kisichotoa Moshi

Kijigari kilikohoa mara mbili, kikapiga ukelele wa chuma, kisha kikazima katikati ya korongo. Kushoto kwa Bernadeta na mwenye gari, Ziwa Viktoria lilikwisha kuwa jeusi kwa mawingu. Bernadeta hakuwaza mvua kwanza. Aliwaza ule ukelele. Alikwisha kuusikia mahali fulani, lakini si kwenye gari.

Alikuwa na mitumbwi miwili ya sangara, na katika miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, viwanda vya minofu vilimeza kila samaki. Shida ilikuwa njia: malori yalikwama matopeni, samaki wakamwozea. Ndiyo maana aliposikia kwamba Mkolani kuna kijigari cha porini cha zamani, kilichoachwa na padri mmoja aliyerudi kwao, tena mfano wake haupo Mwanza nzima, moyo ulimruka. Asubuhi hiyo alikikagua kama mama anayemkagua mchumba wa bintiye. Fremu haikuwa na kutu. Magurudumu yote manne yalivuta. Jambo moja tu lilimkera: hakuona kijiti cha kupimia oili.

"Kilipotea, dada," alisema Zadok, mwenye gari, akitazama pembeni.

Na bomba la nyuma lilikuwa limeganda masizi mabichi ya mafuta, ilhali moshi haukutoka hata kidogo. Lilimshangaza hilo. Hata hivyo wakakubaliana kulijaribu hadi mwaloni, boti za wavuvi zinakotia nanga, na kwa kuwa alikuwa anakwenda huko, Bernadeta akapakia galoni ya oili ya injini ya boti ya kaka yake.

Sasa, pale korongoni, mvua ikashuka yote kwa mkupuo. Zadok aliruka nyuma ya gari kusukuma, akateleza mchangani, gari likarudi na bampa likampasua muundi wa mguu hadi mfupa ukaonekana. Bernadeta alichana khanga yake, akafunga kwa nguvu juu ya jeraha. Maji ya korongo yalifika vifundoni, halafu magotini. Kiboko akaguna kwenye matete, karibu mno.

"Niache, uvuke uite watu," Zadok alisema, meno yakigongana.

"Hao watu wakija watakuta nini? Kaa ndani."

Alifungua boneti. Matone ya mvua yalichemka juu ya injini. Akajaribu kuizungusha kwa hendeli, haikutikisika. Aliogopa, naam, aliogopa sana, lakini macho yake yalikataa kutulia. Akapapasa huku na huku akitafuta mahali pa kumiminia oili. Hapakuwa na kijiti, wala tundu, wala kifuniko.

"Kaka Zadok, hili gari lilikuwa linatoa moshi?"

Zadok akajifanya anakaza khanga mguuni.

"Sema! Au nikuulize ukishakufa?"

"Lilitoa. Wa bluu, mwingi. Wateja wawili walikimbia wakasema injini imekwisha. Yule padri alikuwa anachanganya oili kwenye petroli, nikajua huo ndio uchawi wa moshi. Nikaumwaga mchanganyiko wote leo asubuhi kabla hujafika, nikajaza petroli tupu."

Bernadeta akacheka mvuani, kicheko cha hasira na furaha pamoja. Ukelele ule ulikuwa wa boti ya kaka yake, siku kibarua aliposahau kuchanganya oili.

"Umeinyima chakula chake! Injini hii hunywa oili ndani ya petroli; ni boti yenye magurudumu, kaka yangu!"

Alifungua plagi za injini, akadondoshea oili kwenye kila tundu kama alivyomwona kaka yake akifanya, kisha akaishika hendeli. Hakuilazimisha. Aliitikisa kidogo huku, kidogo kule, akisubiri injini ipoe. Maji yakafika kwenye sakafu ya gari. Zadok alikuwa amefumba macho, midomo imepauka. Hendeli ikasogea upana wa ukucha. Ikasogea tena. Kisha ikazunguka mzunguko mzima, na Bernadeta akalia kwa sauti.

Akarudisha plagi, akamimina oili ndani ya tangi kwa makadirio ya wavuvi wa mwaloni, akaruka juu ya bampa akalitikisa lile gari jepesi hadi mafuta yakachanganyika. Alivuta hendeli kwa nguvu zake zote. Injini ikapiga kelele kama boti inayotoka alfajiri, na wingu la bluu likawafunika wote wawili. Alitia gia nzito, matairi yakatafuna mchanga, yakateleza, yakashika. Wakapanda ukingo wa walikotoka. Nyuma yao korongo liling'oa mti na kuupeleka ziwani.

Kwenye zahanati ya Mkolani watu walikimbia na ndoo.

"Zimeni! Gari linaungua!" mlinzi alipiga kelele.

Bernadeta alinyoosha mkono kwenye ufunguo, lakini mkono mwingine, wa baridi na wenye damu, ukamshika.

"Usilizime, dada," Zadok alisema, akiuvuta ule moshi kifuani kama hewa safi. "Acha litoe kwanza. Nililinyima tangu asubuhi."