Sentensi Iliyosifiwa

Soko la Walikale lilikuwa limefurika. Kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi akasimama mbele ya maharagwe ya Emérita.

"Dada, uko na kikombe yenye ilivunjika?"

"Kizima iko kwa Mama Céline, pale."

"Hapana, miye nataka ya kuvunjika. Na gunia ya kupasuka."

Emérita, ambaye kwa aibu huongea akitazama kitenge chake, safari hii alicheka wazi. "Kaka, uko na akili kweli?"

Alikuwa nazo. Aliitwa Élie, mwalimu wa Kiingereza kwenye ukumbi wa parokia. Alitaka kuwaonyesha wanafunzi kwamba tendo likishapita, hubaki kwenye kitu kama sifa yake: kuvunja kumekwisha, kikombe ni *broken*.

"Kuya uone, murembo. Ni bure."

Alikwenda. Miezi miwili alikaa nyuma kabisa, na kila jioni simu yake ilipata moto kwa maneno matamu ya Élie.

Siku moja Élie akaomba mfano mpya. Nicole, binti wa karani, akasimama na kumnyooshea Emérita kidole: "*She is an uneducated girl.*" Binti ambaye hakusoma. Ukumbi ukaangua kicheko. Wote walijua aliacha shule darasa la nne, vita vilipowatoa kijijini Muheto, ambako baba yake alisharudi. Élie, masikio yake kwenye sarufi tu, akampongeza, "Très bien!" Akaiandika sentensi hiyo ubaoni.

Emérita akatoka. Simu ililia siku tatu. Ya nne akapokea.

"Sheri wangu, unisamehe. Ile sentensi ilikuwa sawa, njo maana..."

"Ilikuwa sawa?"

"Kwa grammaire tu."

"Basi, uoe grammaire." Akakata.

Jumatatu akaingia ukumbini na kitenge cha rangi ya moto, kilemba juu.

"Mwalimu, ile sentensi, sema mbele yao kosa ni ya nani."

Élie akaweka chaki chini. "Nilisifu matusi. Nicole alisema, lakini miye njo niliandika. Kosa ni yangu."

Emérita akaenda benchi la mbele. "Sogea, dada." Nicole akasogea.

Baada ya somo Élie alimfuata mpaka barabarani. "Niko nataka kuenda Muheto, kuona Papa yako. Unakubali?"

"Atakuuliza kama nilisoma."

"Nimujibu nini?"

Emérita akamtazama usoni. "Umuambie niko nasoma. Akicheka, urudi bila miye. Akikubali, ulete mbuzi."