Uso wa Saleha Ukutani

Treni ya kutoka Dar iliingia Tabora ikiwa imechelewa kama ilivyo ada yake, na waliokuja kuipokea walikuwa wamechoka hata kulalamika. Mwaka ule wa sabini na nne kila kitu kilichelewa: mvua, sukari, sabuni, hata unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Wachukuzi walipiga kelele za kutafuta njia, abiria wa Kigoma walikimbilia huku na wa Mwanza kule, na katikati ya msukumano huo Mwalimu Lukumani alikuwa amekumbatia boksi lake kwa mikono miwili.

Boksi lilipasuka chini. Unga wa buluu ukamwagika wote juu ya pindo la buibui la mwanamke aliyekuwa mbele yake.

"Laa haula!" Mwanamke aligeuka. "Kaka wewe, ndiyo nini hii?"

"Samahani dada. Tafadhali usikung'ute!"

"Nisikung'ute nguo yangu?"

"Hiyo ndiyo buluu yangu yote ya mwaka. Nikiikosa, wanafunzi wangu watachora mbingu kwa mkaa."

Lukumani alipiga magoti palepale, na miguu mipana ya suruali yake ya bugaluu ikafagia sakafu ya stesheni. Akaanza kuikusanya rangi kwenye kipande cha gazeti, punje kwa punje. Watu walisimama kucheka. Mwanamke naye akacheka, akalishika pindo kwa vidole viwili ili amrahisishie kazi, na hapo ndipo Lukumani alipoona mikono yake. Hina ilikuwa imepanda kutoka kwenye kucha hadi kwenye kifundo, majani membamba yakifuatana bila kugusana.

"Nani kakuchora?"

"Mwenyewe."

"Na mkono wa kulia je?"

"Mwenyewe vilevile. Kwani wa kushoto uliumbwa wa kubebea ndoo tu?"

Mwanamke huyo alikuwa Saleha, binti wa Mzee Nasor mwenye duka Gongoni. Babu wa Mzee Nasor alifika Tabora na misafara ya pembe za ndovu, akasema anapumzika kidogo kabla ya kuendelea Ujiji, na mapumziko hayo ndiyo yaliyomzaa Mzee Nasor. Saleha alikuwa amekwisha kuolewa Kigoma na kuachika, akarudi na sanduku lilelile aliloondoka nalo. Sasa aliwapamba maharusi wa watu. Kazi hiyo humchosha mtu mahali ambapo kulala hakusaidii, lakini Saleha hakuwa mtu wa kusema.

Lukumani alisema kwa niaba ya wote wawili. Siku ya pili alikuwa dukani, shati limepigwa pasi, kofia kichwani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sukari hakuna."

"Sikuja kwa sukari, mzee. Nafundisha sanaa pale sekondari, njia ya Ntalikwa. Naomba Bi Saleha awafundishe wanafunzi nakshi, kila Jumatano."

Mzee Nasor alimtazama huyu mtoto wa seremala wa Kinyamwezi, halafu akazitazama rafu zake tupu. Alikuwa hana nguvu za kubishana na mtu yeyote mwaka ule.

"Nakshi, sawa," alisema. "Maua, majani, sawa. Lakini picha ya kiumbe mwenye roho, na uso wake, nyumba hii haiitaki. Uso wa binti yangu usichorwe popote. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mzee."

Basi Saleha akawa anakwenda. Wanafunzi walitoka shambani na malengelenge mikononi, wakaketi na vipande vya mkaa, udongo mwekundu na ile buluu iliyookolewa. Saleha aliwaambia, "Mkono usiogope. Hina haifutiki, ukianza mstari umalize." Lukumani alikuwa na neno lake moja, "Chora unachokiona, si unachokitaka," na sharti lake moja. Alipita kati ya madawati mikono ikiwa nyuma, na hakugusa kazi ya mwanafunzi hata ikiwa imepinda kiasi gani. Alisema mwalimu akishagusa, kazi si ya mtoto tena.

"Mwalimu asiye na mikono," Saleha alimtania. "Mkeo atateseka. Nani atamkunia nazi?"

"Mke mwenyewe anajua kutumia yote miwili. Yangu ya nini?"

"Nani kasema ni mimi?"

"Nani kakutaja?"

Mapenzi yao yalikulia kwenye simu. Shule ilikuwa na moja tu, ofisini kwa mkuu wa shule, Mwalimu Bundala. Mzee Nasor alipokwenda msikitini kwa sala ya alasiri, na Bundala alipotoka kukagua shamba, kengele ya simu ililia dukani.

"Haloo, dukani kwa Mzee Nasor? Sukari ipo?"

"Hakuna."

"Sabuni?"

"Hakuna."

"Sasa kuna nini humo dukani?"

"Nipo mimi," Saleha alijibu, na sauti yake iliyozoea kuchoka ikawa nyepesi. "Utanichukua kwa kadi ya ushirika?"

"Nitakuchukua kwa posa, laazizi. Baada ya Sabasaba nitawaleta wazee."

Hiyo Sabasaba ndiyo iliyoharibu mambo. Bundala alitaka ukuta wa bwalo upambwe kwa picha ya watu wa ujamaa wakivuna, maana viongozi na watu wa mjini wangekuja. Lukumani aligawa ukuta, kila mwanafunzi na mtu wake. Marcelina, msichana wa kidato cha tatu kutoka Ziba, alipewa mwanamke wa kusimama mlangoni mwa ghala. Marcelina alikuwa mkimya, na kabla ya hapo hakuwahi kuchora kitu ila ng'ombe wa baba yake. Alipofika usoni hakuinua kichwa hadi alipomaliza.

Lukumani alifika nyuma yake akaona. Alikuwa Saleha hasa, pamoja na kidoti chake cha kidevuni. Alipaswa kusema futa. Lakini katika miaka yake yote ya ualimu hakuwahi kuona mtoto akitoa kitu kama kile, na alijua kwamba akikifuta hakitarudi. Aliiacha mikono nyuma, akapita kwenda kwa mwanafunzi mwingine.

Siku ya sikukuu ngoma hazijaisha, habari imeshafika Gongoni. Binti Nasor yuko ukutani, macho wazi, mbele ya wanaume! Mzee Nasor hakwenda kuona. Alimtuma mtu kwa Bundala, na Bundala akawaka moto.

"Aliyechora hivi anafungasha leo hii anarudi kwao!"

Marcelina alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi na ndoo ya maji. Kwao Ziba kulikuwa na mchumba mwenye ng'ombe aliyekuwa akingojea tu achoke kusoma. Akirudi, asingeiona shule tena. Lukumani alilijua hilo, na Bundala hakulijua wala hakuuliza.

"Nimechora mimi," Lukumani alisema.

Kabla Bundala hajamaliza kumtukana, simu ililia. Bundala aliinua kipokeo, akasikiliza, akamsukumia. Alikuwa Saleha.

"Lukumani, niambie si wewe."

Bundala alikuwa ameketi palepale, kidole mezani, masikio wazi.

"Ni mimi," Lukumani alisema.

"Baba alitaka kitu kimoja. Kimoja tu! Na uliitikia."

"Saleha, nisikilize..."

"Nimeshawahi kuwa na mume ambaye neno langu kwake lilikuwa upepo. Sina nguvu za kuanza tena. Usinipigie."

Simu ikakatwa. Bundala alimwondoa Lukumani darasani akampa usimamizi wa shamba, na akaagiza ukuta upakwe chokaa. Chokaa haikupatikana. Walitafuta dukani, bomani, kwa mafundi, wapi! Kwa hiyo Saleha akabaki ukutani akiangalia watoto wakila yanga, wakati Saleha wa nyumbani hataki hata kula.

Mwezi uliandama, ukafa. Simu ya alasiri haikulia, na Mzee Nasor aliporudi kutoka msikitini alimkuta binti yake amekaa karibu nayo, akifuta vumbi ambalo alikwisha kulifuta. Mwisho Saleha aliona aibu ya kumchukia mtu kwa picha ambayo hajaiona. Akavaa buibui, lile lenye pindo la buluu isiyotoka, akaenda shuleni wanafunzi wakiwa shambani.

Bwalo lilikuwa tupu, linanuka maharage. Akamwona huyo mwanamke. Mabega yameshuka, kope nzito, mdomo umefungwa kama wa mtu aliyekwisha kuulizwa hali akajibu "nzuri". Alikuwa amechoka, amechoka kweli. Saleha alilia, maana ndivyo alivyokuwa, na kwa miaka yote alidhani hakuna aliyemwona.

Kisha akafuta machozi akatazama tena, akatoka haraka kuelekea shambani.

Alimkuta Lukumani ukingoni mwa shamba, jembe begani, vumbi hadi kwenye nyusi. Marcelina na wenzake walikuwa hatua chache nyuma wakipalilia.

"Asalaam alaykum, mwalimu."

Lukumani aliweka jembe chini polepole. "Waalaykum salaam. Umekuja kunipiga?"

"Nimekuja kukuuliza. Kwa nini ulinidanganya?"

"Nilikudanganya lini?"

"Wewe hukuchora ule uso. Wewe unanipenda, Lukumani. Ungenichora nacheka. Ungeniongezea wanja. Aliyenichora pale alikuwa ananitazama tu, hanitaki kitu."

Nyuma ya Lukumani jembe moja lilisimama. Marcelina alikuja, akapiga goti, machozi yakichanganyika na vumbi.

"Shikamoo dada. Ni mimi. Mwalimu alisema tuchore tunachokiona. Wewe ukimaliza kutufundisha ukidhani tumetoka, unakaa hivyo."

"Marahaba. Inuka, mama." Saleha alimshika mkono. Alimgeukia Lukumani, na sasa hasira na mapenzi vilikuwa pamoja usoni mwake. "Na kwenye simu hukuweza kuniambia?"

"Bundala alikuwa amekaa hapo. Angemrudisha Ziba."

"Ukakubali unikose mimi?"

"Nilifikiri wewe ni mtu mzima, utapona. Huyu asingepona." Alikung'uta vumbi mikononi. "Mimi ndiye sikupona, mpenzi. Nimechoka, hata sijui kama ni jembe au ni wewe."

"Ni mimi," Saleha alisema. "Jembe halina kosa."

Ilibaki ahadi kwa Mzee Nasor, na hiyo haikuwa ya kuchezewa. Saleha alitaka apewe brashi ayamalize mambo mwenyewe. Lukumani akakataa, akarudisha mikono nyuma. "Mwenye kazi yupo. Muulize."

Marcelina alifikiri sana. Kisha akachota ile buluu ya mwisho, akamchorea mwanamke wake mtandio ulioshuka kutoka kichwani hadi kidevuni. Saleha alikaa pembeni akimwelekeza majani ya kwenye pindo, bila kugusa. Uso haukuonekana tena. Lakini mabega yalikuwa yaleyale, na aliyemjua Saleha alijua ni nani aliyepumzika chini ya nguo ile. Bundala aliona ukuta umetulia, na kwa kuwa hakuna mwalimu mwingine aliyelitaka lile somo, alimrudisha Lukumani darasani.

Jioni ile Saleha alimweleza baba yake yote. Mzee Nasor alisikiliza akihesabu tasbihi.

"Alibeba kosa la mtoto wa watu," alisema mwisho, "na hakuja kwangu kujitetea."

"Hakuja, baba."

Mzee aliiweka tasbihi mezani.

Siku ya pili, saa ya alasiri, Lukumani alisimama ofisini kwa Bundala, kipokeo sikioni. Simu ililia mara nyingi. Hatimaye ikainuliwa.

"Haloo," alisema kwa sauti ya chini, "dukani kwa Mzee Nasor? Sukari ipo?"

Ikaja sauti nzito ya mtu ambaye siku hiyo hakwenda msikitini, amesali nyumbani.

"Sukari hakuna, mwalimu. Sabuni hakuna. Na tangu mwanzo ulikuwa unajua hakuna." Mzee Nasor alishusha pumzi ndefu. "Binti yupo. Lete wazee wako Ijumaa, na usichelewe. Sisi hapa tumechoka kungoja."