Sombe ya Siku ya Kumi na Tano

Kila Jumamosi asubuhi mama huenda saluni kusuka wateja, nami hubaki na kazi tatu: kufagia, kuosha vyombo na kupika. Tonton Pitchou, kaka yake mama, hushona karibu na dirisha la nyumba yetu hapa Yeoville. Sare za nusu ya shule yetu zimepita kwenye cherehani yake. Jumamosi hiyo, mwanzo wa baridi, nilifagia nikiwa nimeuma meno na vyombo nikavigonganisha makusudi, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kumkomoa Tonton.

Acha nieleze alichonifanyia. Nilikuwa mfungaji wa timu ya netiboli ya shule, na timu ilikuwa inakwenda Pretoria kwenye fainali. Wiki hiyohiyo nikapata alama kumi na nane kwa mia katika hisabati. Mwalimu alitaka mzazi atie sahihi kwenye karatasi ya mtihani. Niliitia mwenyewe, sahihi ya mama, tena ikapendeza kuliko ile anayoitia yeye. Kisha zipu ya begi langu ikaharibika, nikampelekea Tonton begi hilo na karatasi ikiwa ndani. Baada ya siku chache mama alikuwa anajua kila kitu, na Pretoria wakaenda wenzangu. Orpha, ambaye akifunga goli moja kwa mwezi tunashangilia, ndiye aliyevaa jezi yangu.

Nilimchukia Tonton wiki mbili nzima. Nilichukia anavyokohoa na anavyokata uzi kwa meno. Nilikuwa natafuta tu mahali pa kumpiga aumie, na mahali penyewe nilipajua.

Tonton ni Mbudha. Alipofika nchi hii akiwa kijana asiye na ndugu hapa, hekalu moja nje ya mji lilimpokea na kumsomesha, naye akaishika dini yao. Mama, ambaye hakosi kanisani, alimtania miaka mingi mpaka akachoka. Ukutani Tonton ana kalenda yenye tarehe mbili katika kila kisanduku: kubwa ni ya kawaida, na ndogo ni ya kufuata mwezi wa angani. Siku ya kwanza, mwezi usipoonekana, na siku ya kumi na tano, unapokuwa mzima, hagusi nyama wala samaki. Baada ya saa sita mchana hali kitu mpaka kesho yake.

Mwaka mmoja kabla ya Jumamosi hiyo aliongeza nadhiri. Koko, mama yao, alikuwa amefariki kwetu Butembo, na kwa sababu ya vita hawakuweza kwenda kumzika. Tonton akaahidi kuzishika siku hizo mbili za kila mwezi kwa mwaka mzima, siku ishirini na nne mfululizo bila kukosa hata moja, kisha jina la Koko lisomwe hekaluni na thawabu zote ziwe zake. Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya ishirini na nne. Tena ilikuwa sikukuu yao kubwa ya kumkumbuka Buddha, na saa nane mchana gari lingekuja kumchukua.

Kwetu sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, haipikwi bila ndakala, wale dagaa wakavu. Katika siku za Tonton tu ndipo sufuria yake ndogo huchemka peke yake, kwa mawese na karanga. Nilichukua konzi ya ndakala, nikawatwanga mpaka wakawa unga, nikaumwaga wote ndani ya sufuria yake. Nikakoroga. Hii ni ya Pretoria, nilisema moyoni. Hii ni ya jezi yangu. Nilijisikia vizuri sana, sitawadanganya. Sufuria kubwa ya mama ilikuwa inachemka pembeni na ndakala zake, kwa hiyo nyumba nzima ilinuka samaki na hakuna ambaye angeshuku.

Mpango wangu ulikuwa ale yote, anawe, avae shati lake jeupe la hekaluni, ndipo nimwambie. Nilitaka aumie akiwa amependeza.

Saa tano alikaa mezani. Akamega ugali, akachovya, akatia mdomoni. Kisha akaacha kutafuna, akanitazama. Mkono wake wa kulia ukakunjika ngumi juu ya meza, ukaanza kuinuka. Nilirudi nyuma mpaka nikagusa ukuta, maana uso ule sikuwahi kuuona. Halafu akaushusha mkono polepole, akatema chakula kando ya sahani, akanywa maji.

"Masika, umetia ndakala."

"Ndiyo. Wewe ulienda kunisemea kwa maman."

"Nilikuambia uende kumwambia wewe mwenyewe. Nilikungojea mpaka siku ya yenga. Ulimwambia?"

"Hapana."

Hilo la kungojewa mpaka Jumapili hata ninyi sikuwaambia. Mtu anayetaka kulipiza huwa hapendi kusimulia yote.

"Basi nadhiri yako imevunjika," nikasema. Nilitaka nimsikie akikubali.

"Samaki haikuivunja," akajibu. "Mtu akilishwa kitu bila kujua, si kosa yake. Lakini niliahidi vitu mbili: hakuna nyama, na hakuna kasirani. Wakati nilisikia ile ndakala mdomoni, nilitaka kukupiga. Nilitaka kabisa. Hiyo ndiyo imeivunja."

"Lakini hukunipiga, Tonton."

"Nilitaka. Na mama yangu siwezi kumdanganya. Leo jina yake haitasomwa. Mwezi ukianza, nitaanza tena moja."

Katika mpango wangu wote Koko hakuwemo. Nilimwona Tonton tu. Koko aliyekuwa akinipigia simu kila Krismasi na kuniuliza kama nimekula, ndiye niliyempokonya siku yake. Kisasi changu kilikuwa kimefaulu kuliko nilivyokipanga. Nikalia.

"Utamwambia maman?" nikauliza.

"Safari hii hapana. Utaamua wewe."

Alikula ugali kwa chumvi kabla saa sita haijagonga. Mimi sikungoja jioni. Nilikwenda saluni na kumwambia mama kila kitu mbele ya mteja aliyekuwa anasukwa. Mama aliziachia nywele za mteja. Koko alikuwa mama yake pia.

"Ulipoiba sahihi yangu," akasema, "ulifikiri unanidanganya mimi peke yangu. Ulipotia ndakala, ulifikiri unamuumiza Tonton peke yake. Ubaya hauchagui, Masika. Unampata yule uliyemlenga na yule usiyemfikiria. Ukikosewa, sema. Na ukikosa, sema mapema, mwingine asilazimike kukusemea. Mwezi ukianza, kila siku ya Tonton, wewe ndiye utampikia na wewe utakula alichokula."

"Na Koko?" nikauliza. "Nitamwombaje msamaha, na amekufa?"

Mama akarudisha vidole kwenye nywele za mteja.

"Kwa siku ishirini na nne," akasema.