Picha Aliyoifuata Calvin

"Calvin, hicho kisu cha nini?"

Calvin alikuwa amesimama juu ya kiti sebuleni, anaikata picha kuitoa kwenye fremu. Jumapili hiyo mchumba wake Evodia, fundi cherehani, alikuwa ametoka kanisani mapema na mama yake, Cornelia, na hakuwategemea.

Picha yenyewe ilikuwepo hapo nyumbani kwao, Kasense, tangu Evodia hajazaliwa. Jumba la tajiri wa Kiingereza, ziwa mbele yake, ng'ombe wanono chini ya miti. Ilichorwa hukohuko Uingereza karne ya kumi na nane. Mzungu aliyepikiwa na babu yake Evodia, Nestory, miaka mingi alimwachia kama zawadi.

"Mpenzi, naipeleka ikasafishwe," Calvin akasema. "Nilitaka iwe sapraizi."

Ujumbe ukaingia kwenye simu yake mezani. Evodia akaiwahi, akasoma.

"Bebi, umeshaikata? Mnunuzi kasema ni orijino, anasubiri. Achana na huyo fundi cherehani wako, tuondoke. Jane."

Miezi minane ya mapenzi! Pete kidoleni!

"Jane ni nani?"

"Lete simu."

"Nimekuuliza, Jane ni nani?"

Kofi lilimbwaga chini, mdomo ukapasuka.

"Unampiga mwanangu ndani ya nyumba yangu?" Mama Cornelia akamvaa.

Calvin akamsukuma. Kichwa cha mama kikagonga ukuta, akateremka taratibu mpaka sakafuni, kilemba kimelowa damu.

Evodia alipoiona ile damu, woga ulimtoka. Alimrukia Calvin, akamng'ata mkono, wakabiringika juu ya vioo vya fremu alivyokuwa amevivunja. Mwanaume akamkamata nywele, akamwekea kisu shingoni.

"Niachie niondoke! Nitakuchinja!"

"Nichinje. Picha huondoki nayo."

Mlango ukafunguka kwa teke. Alikuwa Malimi, mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa akiwaletea maziwa; kelele alizisikia akiwa uani. Miaka miwili nyuma aliwahi kumposa Evodia. Mama akamjibu, "Binti yangu haendi kulala zizini," na Evodia akacheka.

Malimi aliushika mkono wenye kisu akauvuta kwake, na kisu kikazama begani mwake. Hakuachia.

"Evo, toka nje!" akapiga kelele.

Evodia alitoka, lakini alirudi na mchi wa kinu. Pigo la kwanza lilivunja kiwiko cha Calvin.

"Mkono wangu! Evo, mimi nakupenda!"

"Rudia uongo wako na mimi nirudie!"

La pili likatua gotini. Majirani walipoingia walimkuta Calvin analia kama mtoto, Evodia kainua mchi kwa la tatu. Wakamnyang'anya. Polisi wakamchukua Calvin, na picha ikaenda kituoni kama kielelezo, imekatwa pande tatu, wa nne bado umeng'ang'ania fremu.

Jioni, hospitalini, mama mwenye kichwa kilichoshonwa alisogea kwenye kitanda cha Malimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilikutukana. Nisamehe. Waambie wazee wako waje, mlango uko wazi."

"Mama," Evodia akadakia, "hata leo mnaongea nyie tu. Mimi sijaulizwa."

Mama akatoka.

Evodia akakaa ukingoni mwa kitanda. Pete ya Calvin alikuwa ameshaivua.

"Malimi, niambie kweli. Na wewe ulikuwa unaifuata ile picha?"

"Ile? Mimi siipendi. Jumba lote lile, hakuna hata mtu mmoja mlangoni. Mimi nilikuwa nakuja, wewe unanifungulia."

Evodia akalia, machozi yakauchoma mdomo uliopasuka.

"Nilikucheka."

"Nilisikia."

"Na bado ukaingia kwenye kisu?"

"Evo, nimechomwa bega, siyo akili. Ninachofanya nakijua. Haya, nakuuliza wewe mwenyewe: utanikubali?"

Evodia aliiona bandeji ya begani ikiloa damu.

"Nitakukubali," akasema. "Ila sasa hivi funga mdomo, nimwite nesi. Sitaki kuwa mjane kabla ya ndoa."