Gobore la Marehemu Makarius

Habari hii aliisimulia kwanza Odilia mwenyewe, Kwaresima ya mwaka 1979, akimsimulia mdogo wake Fausta aliyekwenda kumsaidia palizi. Mambo yenyewe yalitokea mwaka 1975, katika kijiji kipya cha ujamaa upande wa Mikumi.

Nguruwe pori walikuwa wakilimaliza shamba la kijiji. Mkutano ukaamua kwamba gobore la Makarius, mwindaji aliyekuwa amefariki majuma mawili nyuma, liwe mali ya kijiji, na litunzwe na mgambo Kasian, mume wa Odilia. Kwa desturi ya kwao, bunduki ya mwindaji hulazwa chini mpaka matanga ya siku arobaini yaishe, kisha mpwa wake ndiye huiinua. Mpwa huyo, Urbanus, alikuwa mbali, Berega, na nguruwe hawakuwa na subira. Kasian akaliinua.

Siku ya tatu Odilia alisikia harufu ya tumbaku chumbani. Kasian hakuvuta tumbaku.

Usiku Kasian alilinda shamba, mchana alilala, na gobore likiwa na baruti ndani lililala kando yake, mahali pa mkewe. Akawa anashtuka kwa kila mchakacho.

"Ukitaka kuingia piga hodi," alimwambia Odilia. "Nisije nikakudhuru."

Odilia akawa anapiga hodi nyumbani kwake. Jirani yake Joha akamwona, akacheka.

"Mwenzangu, umeachika au ndiyo umeolewa upya?"

"Nyamaza, Joha. Kuna mtu amelala."

Mchana mmoja alirudi kutoka kisimani, ndoo kichwani, akapiga hodi.

"Karibu," ilijibu sauti ya ndani. "Umechelewa."

Ilikuwa sauti ya mzee, yenye makohozi, na kabla Odilia hajainua mguu alimwona Kasian akija kwa njia ya ofisi ya kijiji, ambako katibu alikuwa amemwita na ambako bunduki haikuruhusiwa kuingia, mikono yake mitupu ikining'inia, naye Odilia akasimama pale na maji yakimchuruzika shingoni, akiisikia harufu ya tumbaku ikitoka chini ya mlango, na nyuma ya mlango huohuo kitanda kikilia taratibu kama mtu anayejigeuza ili ampishe mwenzake.

Kasian hakushangaa. Alinong'ona tu, "Na mimi gobore huwa linaniitikia."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya kwanza. Usimwambie mtu, watalichukua."

"Si walichukue."

"Halafu mimi nitalala na nani?"

Alisema bila utani, na Odilia akajua kwamba anampoteza mumewe. Kesho yake alimtuma mtu Berega akamwite Urbanus.

Urbanus alifika Jumamosi, saa saba mchana, akakataa hata maji.

"Shemeji, siwezi kulipokea mkononi mwa Kasian," alisema kwa sauti ya chini. "Lina jini la mjomba, na halijui kama bwana wake amekufa, maana mliliinua kabla halijaambiwa. Lilazwe chini kwanza. Na anayelilaza ni mwanamke wa nyumba."

"Akikataa?"

"Umwombe. Usimnyang'anye."

Odilia hakupiga hodi. Aliusukuma mlango, akamkuta Kasian ameketi kitandani, gobore magotini, mdomo wa bunduki ukiutazama mlango, na moshi wa tumbaku umejaa chumbani ingawa hapakuwa na kiko wala moto, na katika godoro, mahali pake Odilia, palikuwa na shimo la mtu mzito aliyelala, na shimo lile lilikuwa likipanda na kushuka kama kifua.

"Mume wangu, nipe nikulazie."

"Odi, toka."

"Nipe."

Alishika mtutu kwa mkono wa kushoto. Kasian alikuwa analia. Kisha fataki, kile kiwashio cha baruti, ililia, paa! Baruti haikushika. Ukabaki moshi mwembamba tu, na mtutu ukielekea tumboni mwa Odilia. Mikono ya Kasian ikalegea, Odilia akalichukua gobore na kulilaza sakafuni. Urbanus akaingia, akaliambia kwa jina la mjomba wake kwamba Makarius amekufa na amezikwa, ndipo akaliinua na kwenda nalo. Ile harufu ya tumbaku ikamfuata.

Urbanus alifariki mwaka 1983, na Joha mwaka uliofuata. Kasian na Odilia wako hai wote wawili, wanaishi Mabwerebwere, nyumba moja, vyumba viwili, kila mmoja chake. Odilia hajawahi kumuuliza kidole kilichofyatua gobore siku ile kilikuwa cha nani, na Kasian hajawahi kumwambia.