Safari ya Ukingoni

Treni ya Minsk ilikuwa imeshaanza kusogea Varvara Sedova alipotokea jukwaani akikimbia, koti wazi, bastola ya Makarov ikimgonga ubavuni.

"Bibie! Umechelewa! Acha wazimu!" mama mhudumu wa behewa alipiga kelele mlangoni.

Varvara aliruka.

Mama yule alimdaka ukosi, akamvuta ndani kama gunia la viazi. "Utakufa kwa ajili ya mwanamume, wewe."

"Mwanamke," alisema Varvara, akihema.

Ilikuwa kweli. Nusu yake.

Kidude sikioni kikakwaruza. Shangazi, mkuu wake. Idara nzima ya ujasusi haikujua jina lake. Walijua sauti tu, iliyokaushwa na sigara.

"Umepanda?"

"Nimepanda."

"Mzigo?"

"Msichana anao. Behewa hili hili."

"Mkamate kabla ya kituo cha Vyazma. Na Gleb?"

"Yuko naye."

"Hilo najua. Nauliza, atakuzuia?"

"Hawezi."

Tangu kiangazi Varvara alikuwa amevaa koti jeupe katika maabara moja ya Moscow, akijifanya mwanafunzi wa mafunzo kazini. Vijana pale walitafuta dawa za wanaanga wa safari ndefu. Shida yenyewe ni nyepesi kuisema: mionzi ya huko juu huua dawa ndani ya kopo. Mtu akiugua katikati ya njia ya Mirihi, anameza chaki.

Taisiya Belkina, binti wa wakulima wa Tambov, alizivisha chembe za dawa ganda la kuvu jeusi. Zikapigwa mionzi. Zikabaki hai. Maprofesa wakamkumbatia mmoja mmoja. Varvara, aliyekuwa akiosha vioo kando yake, alipiga makofi mpaka viganja vikawaka, huku moyoni akiombea kuvu lile lioze.

Halafu Gleb.

Gleb Ratnikov, jasusi mwenzake, ambaye kwa miaka miwili kofia yake ilining'inia nyuma ya mlango wa Varvara. Alitumwa amlinde Taisiya. Ajifanye mpenzi.

Akasahau kujifanya.

Na asubuhi hii sampuli zote zilitoweka kwenye friji ya maabara, Taisiya naye hayupo. Varvara ndiye aliyepiga simu kwa Shangazi na kumtaja mwizi. Jina lilimtoka kinywani kwa urahisi mno.

Akausukuma mlango wa chumba cha treni.

Taisiya alikuwa akimenya yai la kuchemsha. Gleb alikuwa akisubiri yai. Mbele yao mzee mwenye masharubu ya fedha na nishani kifuani alikunywa chai, boksi la baridi la buluu likiwa miguuni pake.

"Varya!" Taisiya akashangilia alipomwona Varvara. "Na wewe wamekutuma? Ingia! Gleb, mpishe mwenzio."

"Varya anapenda kusimama," Gleb alisema, akikwepa macho yake.

"Siku hizi. Kiti changu kimekaliwa."

Taisiya akacheka. Hakuelewa, na hilo lilimkera Varvara kuliko kama angeelewa.

"Huyu ni Kanali Stolbov, kutoka mji wa wanaanga. Amenifuata bwenini mwenyewe! Dawa yangu inapanda angani, Varya! Yeye anashuka nayo Vyazma, kuna ndege ya jeshi. Mimi naendelea Minsk, kwenye maabara ya mionzi."

"Kipaji," Kanali alisema, akimpapasa bega. "Kipaji kitupu, huyu mtoto."

Gleb akamvuta Varvara nje, ujiani.

"Mzee nimemkagua. Kitambulisho safi."

"Umekagua kwa macho yapi? Hayo yanayotazama mayai?"

"Taisiya hana hatia."

"Sampuli za siri ziko ndani ya treni, nani kazitoa?"

"Kaambiwa azitoe! Varya, sikiliza. Wivu ndio uliopiga simu ile."

"Simu nilipiga kwa kidole," Varvara alisema, akarudi ndani.

Mkono mfukoni. Pingu zilikuwa baridi. Nje, theluji na miti myembamba, treni ikianza kupunguza mwendo kuikaribia Vyazma.

"Usiogope, mwanangu," Kanali alikuwa akimwambia Taisiya, gilasi ya chai ikipanda kwenye masharubu. "Hata mimi nilitetemeka kabla ya safari yangu ya mwisho angani. Ya mwisho ndiyo isiyosahaulika."

Varvara akaziachia pingu.

Baba yake alikuwa rubani, Severomorsk. Mgeni akisema "mwisho" mezani, baba aliweka kijiko chini na kutoka nje. Watu wa anga wa Urusi hawalitamki neno hilo juu ya safari zao, kuanzia mwanaanga mpaka mfagiaji wa uwanja. Ya mwisho ni ile usiyorudi. Wao husema "ya ukingoni". Mtu aliyezeekea kazi hiyo angemtukana mama yake kabla ya kulitamka.

Kirusi cha mzee huyu kilikuwa kizuri mno. Cha darasani.

Gleb hakusikia kitu. Alikuwa akimtazama Taisiya. Taisiya, mtoto wa viazi na bitiruti, angejulia wapi?

Ni Varvara peke yake aliyeelewa.

"Umemkamata msichana?" Shangazi aliuliza sikioni.

Neno moja tu. Ndiyo. Mzee angeshuka na boksi lake, Taisiya angeozea gerezani, na Gleb angerudi mlangoni kwake na kofia yake mkononi.

Ute wa yai ulikuwa umemganda Taisiya mdomoni. Gleb akaufuta kwa kidole gumba, polepole.

Varvara hakuwahi kufutwa hivyo.

"Varvara. Jibu."

"Si msichana," alisema. Yalimtoka kama jino. "Ni Kanali."

Mzee alikuwa mwepesi. Kalamu ilitoka mfukoni, tayari kufyatua sindano ya sumu. Gleb akaruka.

Akamfunika Taisiya.

Varvara hakufunikwa na mtu. Alijifunika mwenyewe: alipiga teke meza, ikamvunja mzee kiwiko, sindano ikachoma dari. Mzee akanyakua boksi kwa mkono mzima, akatoka mbio ujiani.

Varvara akavuta breki ya hatari.

Treni ikalia. Mzee akapaa, akatua kwenye pipa la maji ya chai mbele ya mama wa behewa. Mama akamkalia mgongoni.

"Umenimwagia maji yangu, mbwa wee! Abiria wangu watakunywa nini?"

Varvara akamfunga pingu, akafungua boksi. Vichupa vyote vizima.

Gleb alifika, uso mweupe. "Umejuaje?"

"Ungekuwa unasikiliza badala ya kutazama, nawe ungejua."

Akafunga vifungo vya koti, akashuka kwenye theluji, akatembea kuelekea Vyazma bila kugeuka.

Yule mzee alikutwa na pasipoti nne, hata moja haikuwa ya Stolbov. Baadaye alirudishwa kwao kwa kubadilishana na jasusi wa Urusi aliyefungwa huko. Mama wa behewa alipewa likizo na pipa jipya. Shangazi alistaafu kwa sababu ya mapafu. Kopo la kwanza la dawa ya Taisiya lilipanda angani majira ya kuchipua. Gleb alifukuzwa Idarani kwa kupenda akiwa kazini. Anafundisha judo Tambov. Alimwoa Taisiya mwezi Juni.

Varvara alipandishwa kuwa Meja, akahamishiwa Murmansk. Alialikwa harusini, hakwenda. Alituma maua. Muuzaji alimuuliza ni ya harusi au ya msiba, maana ya harusi hufungwa kwa idadi witiri na ya msiba kwa idadi shufwa. Varvara aliyahesabu maua mpaka watu wa nyuma yake wakaanza kunung'unika.

Kisha akasema harusi.