Bomba Lisilopimwa

Maiti ya Nagumo Teiji ilitolewa ndani ya tangi miguu ikitangulia. Haikuwa na jeraha hata moja. Uso ulitulia kama wa mtu aliyepitiwa na usingizi katikati ya hotuba ya meya.

"Naitrojeni," alisema daktari wa polisi. "Gesi hii haina harufu, haina rangi. Ukiivuta mara mbili tatu, umekwenda."

Inspekta Asahina Sumire alimulika ndani ya tangi. Tochi ya marehemu ilikuwepo. Kofia yake ilikuwepo. Kilichokosekana ni kipimo cha mawimbi ya sauti, chombo ambacho mpima mabomba kama yeye hakiachi hata akienda chooni.

"Ni ajali," alisema Meneja Tokieda nyuma yake. "Valvu ya naitrojeni imezeeka, imevuja. Inasikitisha sana." Aliinama kwa heshima, kisha akaongeza pale pale, "Tunaweza kuendelea na kazi? Kesho asubuhi tunawasha mtambo."

Hapo ndipo Asahina alipoanza kumshuku. Na nani asingemshuku? Tokieda alikuwa mhasibu aliyeletwa kutoka Osaka, na kila siku mtambo ulipolala, wakubwa wake walimpigia simu kumkaripia. Mtambo Namba Moja wa Kazehama una umri unaomzidi yeye. Serikali ilipouongezea muda wa kufanya kazi, sisi wa Kazehama tulikunywa pombe ya mchele mpaka tukaimba, maana bila nyuklia mji wetu ungebaki na ngisi na vikongwe.

"Valvu iliyovuja ndiyo iliyomeza kipimo?" Asahina aliuliza.

Meneja aliitazama saa yake.

Eneo la tangi huingiwa kwa kadi. Mchana ule zilipita kadi tatu tu: ya Nagumo, ya Tokieda, na ya Kuramochi Genzo, mkuu wa matengenezo. Asahina alimkuta Kuramochi kantini, bakuli la tambi likipoa mbele yake.

"Pole kwa msiba, Mzee Kuramochi. Mlikuwa marafiki?"

"Shemeji yangu yule, binti. Nimemwoa dada yake. Tumekula chungu kimoja tangu hatujaota ndevu. Hata mwanangu Shunji, aliye fundi wangu hapa, ni mpwa wake."

"Alikuwa anapima nini?"

"Unene wa mabomba. Maji ya moto hukwangua chuma kwa ndani, kidogo kidogo. Bomba likikonda sana, linapasuka. Na mvuke ule ukikupata, ndugu zako hawatakutambua."

"Alikuta lililokonda?"

"Hakuniambia."

"Alimwambia Meneja?"

Mzee alizitazama tambi zake. "Mimi simsemi mkubwa wangu."

Kwa kusema hivyo, alikuwa ameshamsema.

Sajini Wakui alileta picha za kamera ya ukumbi wa tangi. Mtu mwenye ovaroli nyeupe na barakoa alionekana akiifikia valvu ya naitrojeni. Kichwani alivaa kofia ya mistari miwili ya kijani. Kofia ya namna hiyo mtamboni ni moja tu, ya meneja.

"Kazi imekwisha," alisema Wakui, akisugua viganja. "Nichukue pingu, afande?"

"Tulia. Hata chai yako hujamaliza."

Tokieda aliletwa. Jasho lilikuwa likimtoka.

"Kofia yangu hutundikwa nje ya ofisi. Yeyote anaweza kuichukua. Mimi nilipita kule kuwahimiza, nikarudi."

"Wauaji wote husema hivyo."

"Na wasioua husema nini?"

Asahina alichukia. Alimtoa nje, akazirudia zile picha peke yake na Wakui. Mtu yule alifungua valvu. Kisha alirudi nyuma nusu hatua, akajiweka sawa, akanyoosha mkono na kuielekezea valvu kidole. Mabega yakapanda, kama ya mtu anayetoa sauti.

"Hapo anafanya nini?"

"Wanachofanya mafundi wote wa hapa," alisema Wakui. "Ukigusa valvu, unainyooshea kidole na kutaja hali yake kwa sauti, usije ukakosea. Baba mkwe wangu alistaafu zamani, lakini hata akizima jiko la nyumbani lazima alitangaze. Mama mkwe ameshachoka naye."

Asahina alisimama. "Waite wote wawili kwenye tangi."

Gesi ilikuwa imeshakatwa kwenye chanzo, kwa hiyo Asahina aliifungua valvu bila hofu, akaanza na Tokieda. "Nifungie hii valvu, tafadhali." Meneja aliizungusha, akatoa leso na kujifuta mikono. Basi.

Asahina aliifungua tena, akamgeukia Kuramochi. "Na wewe, mzee."

Kuramochi aliifunga. Akarudi nyuma nusu hatua, mkono ukanyooka wenyewe.

"Imefungwa, sawa!"

Sauti ilijaa ukumbi mzima. Kisha akaona kwamba Asahina haitazami valvu, anamtazama yeye. Mazoea yana taabu.

"Ulivaa kofia ya mwenzako, ukaficha uso," alisema Asahina. "Mkono hukuuficha. Shemeji yako anakata roho humo ndani, na wewe unakagua kazi yako."

Mzee alikaa chini sakafuni. "Alikuta bomba limekonda kama kopo la bia. Liko pale tangu mtambo ujengwe, na halijapimwa hata mara moja."

"Kwa nini?"

"Kila ukarabati, ofisi ilitaka nipunguze siku. Hakuna aliyeniambia nisipime. Waliniambia tu, 'Mzee, fanya maarifa.' Nikafanya maarifa. Lile bomba liko juu, kulifikia ni mpaka ujenge jukwaa. Nikaliruka, mwaka baada ya mwaka. Baadaye nikaona aibu kulitaja. Nagumo alitaka kulitangaza kabla ya kuwasha. Nilimpigia magoti. Nikamwambia mtambo ukifungwa, mji umekufa, na mimi nimeaibika. Hakunisikia."

"Kipimo kiko wapi?"

"Baharini."

"Ni bomba lipi?"

Mzee akageuzia uso ukutani.

Tokieda alikohoa. "Muuaji mmeshampata. Mabomba humu ni maelfu. Kama hakuna la kunionyesha, sina sababu ya kuahirisha."

Hasira zilimpanda Asahina. Ndiyo, Tokieda hakuua. Lakini maneno yale yalimchefua kuliko ile maiti.

"Lingevumilia," alinong'ona Kuramochi. "Mpaka ukarabati ujao. Ningelibadilisha kimyakimya."

Asahina alichuchumaa mbele yake. "Kesho mtambo ukiwashwa, nani watakuwa chini ya bomba hilo?"

"Vijana wangu wa matengenezo."

"Mwanao Shunji ni mmoja wao. Naye atakuwepo?"

Mzee aliinamia viatu vyake.

"Nakuuliza, baba Shunji. Atakuwepo?"

"Nimemhamishia ghala la vipuri."

"Lini?"

"Juzi. Nagumo aliponiambia."

"Kama lingevumilia, ulimwondolea nini?"

Kuramochi alijifunika uso kwa viganja. Kisha alilia, kilio cha mzee asiyezoea kulia, kibaya kusikiliza. Alipopata pumzi alimkamata Asahina mkono.

"Ni lile lililo juu ya meza ya chakula ya vijana," alisema. "Watoto wa watu wale. Msiwashe."